Miembe ina mwaka na nusu, katikati kuko wazi. Nipande nini kisichonitesa baadaye?

Jembe_Butu

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa wa wale waliokwisha kuumia.

Nina miembe 72 ya kubebesha, yaani kikonyo cha embe bora kimeunganishwa juu ya mche wa kokwa. Mistari minane, kila mstari miche tisa, nafasi mita 8 kwa 8. Ni ekari moja na kidogo. Ina mwaka mmoja na nusu tangu itoke kwenye viriba. Mirefu inanifika kifuani, mifupi bado iko magotini. Ukisimama pembeni ya shamba unaona udongo na majani, miembe huioni mpaka uonyeshwe. Eneo lote hilo la katikati nalipalilia bure, na magugu hayavunwi.

Siyo kwamba sijajaribu. Msimu wa kwanza nilipanda mahindi, nikayasogeza mpaka nusu hatua kutoka kwenye mashina, maana niliona dhambi kuacha udongo ukikaa bure. Yalistawi. Siku ya kuvuna ndipo nilipoiona hasara. Miche iliyokuwa katikati ya mahindi ilikuwa imejivuta kutafuta jua, myembamba kama fimbo ya kuchungia, majani yako kileleni tu, tawi la pembeni hakuna. Miwili ilikatwa na kijana niliyempa kibarua cha palizi. Hakusema, aliisimamisha tena na kuifukia vizuri, nami nikaendelea kuimwagilia wiki mbili huku najiuliza mbona inanyauka. Nilipoivuta ikaja mkononi, haina mzizi.

Kilichoniuma zaidi ni mche mmoja wa mstari wa tatu. Huo nilikuwa nausifia kwa kila mgeni: mrefu, majani mapana, una afya. Mahindi yalipoondoka nikainama kuangalia chini, nikakuta ile sehemu iliyobebeshwa imekauka zamani, ina nyuzi bado za plastiki. Kilichokuwa kinarefuka ni chipukizi la chini ya kiungo, yaani embe la kokwa tu. Miezi minne nalisha mti ambao sikuupanda.

Msimu uliofuata nikaweka viazi vitamu, nikijua havina kivuli. Mashina yakatambaa yakapanda juu ya miche, na wakati wa kuchimba jembe likawa linaleta viazi na mizizi ya miembe pamoja.

Sasa nataka kitu cha maana, ikiwezekana tunda. Ninayoyafikiria ni mapapai, mapera, mananasi, pasheni au matikiti. Jirani ananishauri mapera, anasema hayasumbui kabisa. Maji ninayo, kisima na pampu, nabeba mpira kutoka mstari hadi mstari. Udongo ni kichanga kilichochanganyika na tifutifu, ila kona moja ya chini maji hutuama mvua zikikolea.

Kipi kinakaa vizuri na mwembe mchanga? Umbali gani kutoka shina? Na je, nikishapanda, nitakaa nacho mpaka lini?

Gunia_Tupu

Mahindi hayana kosa, mkuu. Nusu hatua! Hata mtu ukimsogelea hivyo atarefuka akitafuta hewa. Mimi nalima mahindi kwenye miembe mwaka wa tatu huu, naacha mita mbili kila upande na mambo yanakwenda. Ila kama huna nidhamu ya kamba, panda kunde, ulale usingizi.

Bi_Kisahani

Mwanangu Jembe, pole. Huo mche wa mstari wa tatu na mimi niliwahi kuwa nao, ila wangu nilikaa nao mpaka ukazaa. Usiung'oe. Shina likifikia unene wa kidole gumba likate utakapo, ubebeshe tena palepale. Mizizi imeshashika, una bahati kuliko anayeanza na kiriba.

Nimelima miembe mashamba mawili, la kwanza nilikosea karibu kila kitu, la pili nikakosea vichache. Nitakujibu kwa kuanzia swali lako la mwisho, maana ndilo lenye uzito, nawe umeliweka mwisho kama la kuaga.

Chochote utakachopanda katikati ya miembe ni mgeni. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa shambani jembe utalishika wewe, umng'oe nalo. Kwa hiyo kabla hujauliza kipi kinazaa vizuri, uliza kipi kinaondoka vizuri. Ndiyo sababu mimi huupenda mpapai. Unaanza kutoa matunda miezi tisa au kumi tangu kupandwa, unazaa kwa nguvu miaka miwili, halafu unarefuka mpaka kuchuma kunataka ngazi. Siku ya kuondoka, panga moja tu, shina lake ni laini kama tango, unalikatakata linaoza palepale. Ukipanda mlimao au mchungwa katikati, huo utaishi miaka mingi kama mwembe wenyewe. Hutaukata. Najua hutaukata, kwa sababu mwaka utakaotakiwa kuukata ndio mwaka utakaokuwa umejaa.

Sasa nikusimulie kilichonipata. Shamba la kwanza nilipanda mipapai, kila kitu sawa. Miembe ilipotimiza miaka minne mipapai ilikuwa bado inazaa, nikasema nisubiri kidogo. Mwaka wa tano nikapanda mingine palipokufa. Mpapai hauvumilii kiu, kwa hiyo nilikuwa namwagilia kila wiki kiangazi chote. Miembe ikapendeza! Majani meusi ya kijani, machipukizi ya rangi ya shaba kila baada ya miezi michache, watu wakawa wanakuja kupiga picha. Maua hakuna. Mwaka wa sita pia maua hakuna, vijikonyo vitatu vinne. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mwembe mzee ambao hakuna aliyewahi kuupa hata kopo la maji, umefunikwa na maua mpaka majani hayaonekani.

Mwembe unataka kiu kabla ya kutoa maua. Kwenye maeneo ya joto ambako hakuna baridi ya kuusukuma, ukavu wa miezi miwili hadi mitatu ndio unaouambia uache majani ufikirie maua. Mimi kila nilipofungulia mpapai maji, na mwembe ulikuwa unakunywa, na samadi ya mpapai mwembe ulikuwa unaila. Maji na mbolea wakati ule vinaleta majani. Sikuwa na ugonjwa shambani wala mdudu, nilikuwa na ukarimu uliopitiliza.

Kwa miembe yako ya mwaka na nusu, hilo bado si tatizo. Sasa hivi unataka majani, na ikitoa maua mwaka ujao uyakate bila huruma, mti unaofika kifuani haujakomaa kubeba. Maji ya mpapai yataisaidia. Hesabu yako ni hii: panda mipapai mwanzo wa mvua zijazo, ichume mpaka miembe itimize miaka minne, kisha kiangazi kile usimwagilie tena, na mipapai iwe imeshalala chini. Andika tarehe ya kukata siku ileile unayopanda. Mimi shamba la pili niliiandika kwa rangi kwenye kipande cha bati nikakipigilia kwenye nguzo ya geti, ili nikipita nione aibu.

Kuhusu umbali, usipande mpapai kwenye mstari wa miembe. Uweke katikati ya kila miembe minne, kama doa la tano kwenye dadu. Kwa mistari minane ya miche tisa unapata miraba 56, na kila mpapai unakuwa karibu mita 5 na nusu kutoka kwa kila mwembe. Kila shimo weka miche mitatu, kwa sababu kama mbegu si ya mipapai yenye maua ya jinsia mbili, hujui jike ni lipi mpaka itoe maua. Ikishatoa maua acha mmoja mmoja, madume acha machache tu, moja kwa kila kumi inatosha. Ile kona yako ya maji usiiwekee mpapai hata mmoja. Maji yakituama kwenye mizizi siku mbili, umekwisha.

Chini ya mipapai, panda kunde au choroko. Na hapa nina neno: watu wanasema kunde inarutubisha udongo, halafu wakivuna wanang'oa na mizizi, wanabeba kila kitu wanapelekea mbuzi. Hapo umerutubisha nini? Ikate juu ya udongo, mizizi na vile vinundu vyake viozee chini. Karanga nazo ni nzuri lakini lazima uzing'oe, kwa hiyo ziwe mbali.

La mwisho ni kisahani, jina langu lenyewe. Kila mwembe uwe na duara safi ambalo hakipandwi kitu: mwaka wa kwanza mita moja kutoka shina kuzunguka, kisha uongeze nusu mita kila mwaka, au ufuate ncha za matawi, lolote lililo kubwa. Ndani ya duara weka matandazo, ila yaache kiganja kimoja kabla ya shina, yakigusa gome yanaoza nalo na mchwa wanapata mlango. Ndani ya kisahani jembe lisiingie. Magugu yang'oe kwa mkono. Na mbolea, kila mmea upewe yake. Mwembe usile makombo ya mpapai.

Kabla hujapanda chochote nijibu hili: miche yako imechipua mara ngapi mwaka huu?

Mtego_wa_Chupa

Nimekuja mbio kwa sababu ya hilo neno mapera.

Jirani yako hakudanganyi, mpera hausumbui. Unavumilia kiangazi, unazaa mapema, haudai dawa. Mimi nilipanda 30 katikati ya miembe, nikavuna mapera miaka miwili kwa raha zangu. Kulikuwa na funza ndani ya mapera ndiyo, lakini nani anashangaa funza wa mapera, unakata upande ule unakula huu.

Miembe ikaanza kuzaa. Embe linaonekana zima, gome linang'aa, lina kitone kidogo tu kama limechomwa sindano, na utomvu uliokauka pembeni yake. Ukilibonyeza pale linaingia ndani. Ukilipasua, nyama imekuwa uji na funza wanaruka. Wanaruka kweli, wanajikunja wanajifyatua, mtoto wangu mdogo alikimbia. Mwaka ule wa kwanza nilichuma ndoo kwa ndoo, nikamwaga shimoni karibu zote.

Nzi wa matunda wanapenda mpera kuliko karibu mti wowote. Jike hutaga chini ya gome la tunda, funza wanakula ndani, tunda linaanguka, funza wanatoka wanaingia ardhini wanageuka pupa, kisha nzi wapya. Mapera yangu yalikuwa yakiiva kabla ya maembe, kwa hiyo nilikuwa nimewajengea hosteli. Embe lilipokomaa walikuwa hapohapo, wengi, hata safari hawakuhitaji.

Ukiwa na miembe isiyozaa huwezi kuliona hilo. Ndiyo ubaya wake, kosa unalipanda leo ushahidi unakuja mwaka wa nne.

Niliikata yote 30. Nikaanza kuokota kila tunda lililoanguka, kila siku ya pili, nafukia shimo la kina cha mita moja au nafunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki naanika juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Nikaning'iniza mitego ya chupa yenye chambo cha kuvuta madume. Kuku nao wanapekua chini ya miti wanakula mabuu. Na wale chungu wekundu wa mitini wanaoshona majani, waitwao maji moto, nilikuwa nawachoma moto zamani. Sasa nawaacha, wanawafukuza nzi. Wanauma wakati wa kuchuma, lakini afadhali kuumwa.

Sina hasira na mapera. Kama unayataka, yapande mbali na miembe na uokote yaliyoanguka. Papai nalo likiiva mtini nzi wanaliingia, kwa hiyo lichume linapoanza mistari ya njano, usisubiri liive lote.

Jembe_Butu

Mama Kisahani, shikamoo. Nimetoka shambani sasa hivi kwa ajili ya swali lako. Sikuwahi kuangalia kitu hicho. Nimegundua kwamba kwenye shina kuna sehemu ambazo alama za majani zimesongamana, halafu panakuwa laini, halafu zinasongamana tena. Nimechukulia kila msongamano ni kipindi kimoja cha kuchipua. Mstari wa kwanza na wa pili, ambao mahindi hayakufika, nimehesabu minne mpaka mitano. Ile ya katikati miwili, mmoja una mitatu. Nimehesabu mara mbili kwa sababu sikupenda jibu.

Mtego, asante, jirani nimemwambia tunaahirisha. Amekasirika kidogo, alishaniwekea miche.

Bado nauliza nanasi na pasheni. Na matikiti, maana ni ya miezi mitatu tu, hayo si yanaondoka yenyewe?

Bi_Kisahani

Marahaba mwanangu. Umesoma vizuri, na hilo jibu usilolipenda ndilo la kweli. Ile ya katikati ipe msimu mmoja bila mgeni yeyote karibu, samadi debe moja kila mti kwenye ukingo wa kisahani, siyo kwenye shina. Ikipata nguvu ikate kilele usawa wa kiuno au chini kidogo ili itoe matawi. Usiikate sasa, imechoka.

Matikiti yanaondoka yenyewe kweli, lakini ukiamua mipapai, basi matikiti na maboga acha kabisa. Kuna kirusi cha mipapai kinachoweza kuishi kwenye jamii hiyo ya maboga, na vidukari wanakihamisha. Mpapai ukikipata, majani yanakuwa na mabaka ya njano na kukunjamana, tunda linatokea vijiduara, na dawa hakuna, ni kung'oa. Chagua kimoja.

Miba_Miguuni

Nanasi nijibu mimi, maana miguu yangu ina alama.

Nanasi ni mgeni mtulivu kuliko wote. Mizizi yake iko juujuu, halimwekei mwembe kivuli, na mwembe ukianza kutanda nanasi halilalamiki sana, linavumilia kivuli cha wastani. Kiangazi linakaza. Udongo wako wa kichanga linaupenda, mradi maji yasituame.

Nilivyopanga mimi kwa nafasi kama yako: nimeacha mita mbili kutoka kila mstari wa miembe, ikabaki mita nne. Humo nimeweka mistari pacha mitatu. Kwenye pacha, mstari na mstari sentimita 60, mche na mche sentimita 30, kisha njia ya sentimita 90 ya kupita. Ukijumlisha unatumia mita 3 na sentimita 60. Usije ukaibana hiyo njia ukidhani unaiba mistari zaidi. Mimi niliibana msimu wa kwanza, sentimita 50, nikawa naingia kupalilia kama mtu anayevuka boma la miiba. Suruali mbili ziliisha. Na siku ya kunyunyizia miembe dawa sikuweza kuifikia, nikabaki nainyunyizia kwa mbali kama namwagilia ukuta.

Panda machipukizi yanayolingana ukubwa. Yakiwa makubwa na madogo pamoja, utavuna moja moja mwaka mzima. Toka kupanda hadi kuvuna ni kama mwaka na nusu, wakati mwingine zaidi, halafu machipukizi yanakupa mavuno ya pili. Kwa hiyo ni miaka mitatu, inalingana na hesabu ya mama Kisahani. Na maji kidogo linayohitaji ni faida kubwa ukifika ule mwaka wa kuupa mwembe kiu.

Angalia chungu. Ukiona chungu wadogo wengi wanapanda na kushuka kwenye mananasi, fukua kidogo kwenye shina utakuta vidung'ata, wale weupe kama unga. Chungu ndio wanaowachunga. Wakizidi, nanasi linakuwa jekundu, ncha zinajikunja na kukauka. Safisha machipukizi kabla ya kupanda, yenye unga mweupe tupa.

Pasheni sikushauri humo ndani. Inataka nguzo na waya usawa wa mita mbili, na vikonyo vyake havichagui, vikigusa mwembe vinaukumbatia. Nilikuwa nakata kila wiki. Kama unaitaka ipeleke kwenye uzio wa pembeni, huko itambae ichoke.

Bwana_Shamba_Zamani

Naongeza moja tu ambalo sijaona limeguswa. Usishawishike na nyanya, bilinganya, bamia wala viazi mviringo humo, hata kwa msimu mmoja. Kuna kuvu wa udongoni, Verticillium, anayeishi kwenye mazao hayo na mwembe pia unamwogopa. Nimeuona: upande mmoja wa mti majani yanakauka kama yaliyopitiwa na moto, na hayaanguki, yananing'inia. Upande wa pili mzima. Ukikata tawi kuna rangi ya kahawia ndani ya mti. Akishaingia ardhini anakaa miaka mingi. Kama shamba hilo liliwahi kuwa la nyanya kabla yako, ni vizuri kujua.

Na kwa Gunia_Tupu: mita mbili kila upande wa mstari ni sawa leo. Lakini piga hesabu kwa shamba la ndugu yetu. Kisahani cha mita moja kwa miti 72 kinachukua kama asilimia 5 ya eneo. Cha mita mbili, asilimia 20. Matawi yakifika mita tatu, asilimia 44. Wewe uko mwaka wa tatu, eneo lako linapungua kimyakimya.

Gunia_Tupu

Nimepiga hesabu. Sijaipenda.

Jembe_Butu

Wakuu, nimeamua, na nimeanza leo asubuhi.

Mipapai kwenye miraba, lakini siyo 56. Ile safu ya chini yenye kona ya maji nimeitoa yote, miraba saba, imebaki 49. Kule chini nitaacha nyasi, nizifyeke niziweke kwenye visahani. Mistari ya katikati iliyodhoofika nimeirukia pia kwa sasa, huko ni choroko tu, na mbali. Mananasi nitayaweka kwenye nafasi mbili za juu, kujifunza, njia sentimita 90 nimesikia. Shamba lilikuwa la mtama kabla yangu, siyo nyanya, nimeuliza. Tarehe ya kukata mipapai nimeiandika. Bati sikuwa nalo, nimetumia mlango wa stoo.

Tatizo dogo. Nimepima katikati ya miraba kwa kuvuta kamba kutoka mwembe wa kona mpaka wa kona, msalaba, pale zinapokutana ndiyo shimo. Inatakiwa kila upande uwe mita 5 na sentimita 66. Mistari miwili ya kwanza safi. Kuanzia wa tatu napata 5 na 40 upande mmoja, 5 na 90 upande mwingine. Nimerudia na mke wangu ameshika upande wa pili, tukapata namba nyingine kabisa, akaniuliza kama miembe inatembea. Nilipopanda mwaka ule nilitumia kamba hiihii.

Bi_Kisahani

Kamba ya nini?

Jembe_Butu

Nailoni.

Bi_Kisahani

Inavutika, mwanangu. Tafuta waya.